Mada Si Hoja

Wasomaji wenzangu, nimeona vyema nitie maneno machache katika kurasa hizi juu ya kuandika insha, maana mwaka jana, nilipokuwa kidato cha pili, jambo hilo karibu linirudishe nyumbani. Baba alikuwa ameuza ndama ili nilipiwe karo, na neno lake lilikuwa moja: nikianguka, nitabaki shambani naye. Na katika mtihani wa kwanza wa Kiswahili nikapata alama 6 katika 20 za insha.

Tuliambiwa tuandike juu ya kahawa. Nilifurahi, kwa kuwa mimi ni mtoto wa mlima Masaba, ambao katika ramani huitwa Elgon, nami nimelelewa katikati ya mibuni. Nikaandika ya kwamba kahawa ni zao muhimu, ya kwamba huleta fedha, ya kwamba hunywewa dunia nzima. Nikapamba kwa methali tatu, na kwa tashbihi nilizokariri: maua meupe kama theluji, na mengine ya namna hiyo. Daftari liliporudi, chini palikuwa na maneno matatu ya wino mwekundu: "Wewe wasema nini?"

Nikaenda kwa mwalimu. "Mwalimu, si nimesema mengi?"

"Umetaja mengi," akajibu. "Kahawa ni mada. Nikiisha kusoma karatasi hii, wataka niamini jambo gani?"

Hapo ndipo nilipofahamu. Mada ni jambo linalozungumzwa. Hoja ni lile ambalo mwandishi analishikilia juu ya jambo hilo, na ambalo mtu mwingine aweza kulikataa. Nani atabishana nami nikisema kahawa ni zao? Mfaransa mmoja, Michel de Montaigne, alipotoa insha zake za kwanza mwaka 1580 aliziita kwa jina lenye maana ya majaribio, nami naona jina hilo lafaa, maana asiyejaribu kuthibitisha neno lolote hana insha. Habari za utangulizi, aya na hitimisho zimo katika vitabu vyetu. Mimi naongeza tu ya kwamba kila aya ibebe sababu moja ya hoja yako, na aya isiyo na sababu ifutwe.

Yaliyobaki ni mapambo. Tashbihi huweka vitu viwili mbele ya msomaji kwa neno "kama" au "mithili ya". Sitiari haifananishi, huazima. Na hasa kuazima ndiyo maana ya neno lenyewe katika Kiarabu. Nikisema baba ni mgumu kama jiwe, hiyo ni tashbihi. Nikisema baba ni jiwe, nimemwazimia jina. Lakini mtu huazima kwa jirani anayemfahamu. Mimi theluji sijaiona hata siku moja! Mvua ya mawe nimeiona, ikipukutisha maua ya mibuni usiku mmoja, nayo sikuiandika.

Sitiari yaweza kuenea kitabu kizima, nasi huiita istiara. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza. Ni habari za nchi iliyo angani, ambako Karama ashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria. Wasomaji wengi wameona humo utawala wa kikoloni. Mada iko angani. Hoja iko chini hapa.

Basi katika mtihani wa mwisho wa mwaka, mada ilipokuwa "Kazi ya Nyumbani", nilichagua hoja moja: aijuaye kahawa kuliko wote ndiye asiyeinywa. Nikaeleza jinsi mama anavyochuma buni nyekundu, anavyozimenya kwa mashine ya mkono, anavyoziloweka hata utelezi uishe, kisha anavyozianika na kuzigeuza mchana kutwa kama mtu amgeuzaye mgonjwa kitandani. Halafu jioni tunakunywa chai. Methali sikutia hata moja. Nikapata 14.

Nilipofika nyumbani baba aliniambia nimsomee. Alisikiliza mpaka mwisho, wala hakutaja shamba. Asubuhi yake alimwomba mama akaange buni kidogo katika kikaango, tukazitwanga, tukachemsha. Mama alionja, akasema ni chungu. Baba akamaliza kikombe chake na cha mama.