Stripu mbili kwa mlo mmoja: jinsi ya kujua chakula kinachopandisha sukari yako

Umeambiwa una kisukari aina ya pili. Umepewa dawa, ukaambiwa upunguze wanga na ufanye mazoezi, ukanunua na mashine ya kupimia sukari. Sasa kila asubuhi unajichoma kidole. Ukikuta 6.5 unafurahi, ukikuta 8.9 siku nzima imeharibika. Lakini hebu jiulize: namba hiyo imekwambia ule nini mchana? Haijakwambia. Na stripu zina bei. Basi leo tuone jinsi ya kuzitumia chache ulizonazo zikupe jibu.

Tuanze na damu yenyewe. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu. Kwa mtu asiye na kisukari ambaye hajala, sukari yote inayozunguka humo ni gramu 4 au 5 tu. Hicho ni kijiko kimoja cha chai! Sasa tazama sahani. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga wa gramu 75 hivi, na wanga ukishameng'enywa unakuwa glukosi, sukari ileile ya kwenye damu. Yaani ugali wa unga huo unaingiza ndani ya saa chache sukari mara kumi na tano ya ile iliyokuwemo.

Kwa kawaida kongosho hutoa insulini, na insulini huiambia misuli ichukue glukosi na ini liache kutoa nyingine. Kwenye kisukari aina ya pili, misuli na ini havisikii vizuri, na kongosho nalo limeshindwa kuongeza sauti ya kutosha. Glukosi inabaki kwenye damu.

Ndiyo maana mtu anasema, "Mimi hata soda sinywi, mbona sukari inapanda?" Inapanda kwa sababu wali, chapati, viazi na muhogo vyote ni wanga. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, na hiyo ni faida, ila bado ni wanga. Ugali wa ulezi au mtama vilevile: rangi nyeusi haiondoi wanga. Asali nayo ni sukari, hata kama imetoka porini.

Na ile namba ya asubuhi? Usiku hukula kitu, lakini ini linaendelea kutoa glukosi ili ubongo usikose chakula. Kukikaribia kucha, homoni za kukuamsha hulisukuma litoe zaidi. Kwa hiyo namba ya asubuhi inasema mengi kuhusu ini lako na dawa zako, na machache kuhusu ugali wa jana mchana. Ipime kama ulivyoelekezwa, ila usiitegemee ikufundishe kula.

Ukitaka kujua chakula kimefanya nini, pima mara mbili: kabla tu ya kula, halafu saa mbili baada ya tonge la kwanza. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya namba hizo mbili. Tuchukue mfano: kabla ya kula 7.0, baada ya saa mbili 12.2. Mlo huo umepandisha 5.2. Sasa una kitu cha kulinganisha.

Fanya kama tunavyofanya maabara: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Stripu sita zinatosha kuanzia.

Jumatatu, kula chakula chako cha mchana kama ulivyozoea. Usijipendekeze kwa mashine, maana unataka kujua ukweli. Pima kabla na baada, andika.

Jumatano, kula chakula hichohicho, lakini ugali uwe nusu. Nafasi iliyobaki ijaze mchicha au matembele, na maharage au dagaa waongezeke kidogo. Pima kabla na baada.

Ijumaa, rudia sahani ya Jumatano, halafu ukimaliza kula tembea dakika 15. Misuli inayofanya kazi huchukua glukosi hata kama insulini haisikiki vizuri. Pima tena.

Kwenye daftari andika vitu vinne tu: chakula na kiasi chake, namba ya kabla, namba ya baada, na tofauti. Wiki inayofuata geukia kitu kingine: chai yenye vijiko viwili vya sukari na chai isiyo na sukari, au juisi ya embe na kipande cha embe lenyewe. Usishangae jirani yako akila wali namba zake zisifanane na zako. Miili inatofautiana, na ndiyo sababu unapima wewe mwenyewe.

Kuwa mwangalifu na mambo mawili. Kwanza, nawa mikono kwa maji na sabuni, kausha, ndipo ujichome. Kidole kilichoshika embe kinaweza kupandisha namba wakati damu haina shida. Pili, mashine hizi zinaruhusiwa kukosea kwa asilimia 15 hivi. Kwa hiyo 8.2 na 8.7 zichukulie kuwa ni kitu kimoja. Ukipata tofauti kubwa, rudia siku nyingine kabla ya kuamini.

Namba gani ni nzuri? Kwa watu wazima wengi, lengo linalotumika sana ni 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10.0 saa mbili baada ya kuanza kula. Mjamzito, mzee sana au mwenye magonjwa mengine hupangiwa lengo lake na daktari.

Hapa tusimame kidogo, maana pana hatari. Kama unatumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi, usikate wanga ghafla bila kuongea na daktari, kwa sababu dawa itaendelea kushusha sukari wakati chakula kimepungua. Ukitetemeka, ukitoka jasho au ukichanganyikiwa, pima. Ikiwa chini ya 3.9, koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali haraka. Vilevile, sukari ikiwa juu sana huku unatapika, unapumua kwa kasi au unasinzia, usingoje kesho. Na namba zikiwa nzuri, usiache dawa kimyakimya, maana huenda ni dawa hiyo inayozishikilia.

Kwa nini ujisumbue hivi wakati huumwi popote? Kwa sababu sukari iliyozidi huharibu mishipa midogo ya macho, figo na neva za miguu pole pole, bila maumivu. Uingereza, utafiti wa UKPDS ulioanza mwaka 1977 ulifuatilia watu zaidi ya 5,000 waliokuwa ndio kwanza wamegundulika, kama wewe. Matokeo yalitoka mwaka 1998: waliodhibiti sukari kwa ukaribu zaidi walipunguza madhara ya mishipa midogo kwa asilimia 25. Walianza mapema, na wewe uko mapema.

Ukirudi kliniki, beba daftari. Uliza pia kuhusu kipimo cha HbA1c. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, na glukosi huzing'ang'ania, kwa hiyo kipimo hicho huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Ukikiweka karibu na kurasa zako, daktari ataona wastani wako pamoja na milo iliyouleta. Hapo mazungumzo yatakuwa juu ya sahani yako mwenyewe, ugali kiasi gani na mboga kiasi gani, kuliko kurudia tu "punguza wanga".