Neno -kali na Mzungumzaji wa Kichina

Kivumishi -kali ni miongoni mwa maneno ya mwanzo anayokutana nayo mgeni anayejifunza Kiswahili Unguja, na miongoni mwa ya mwisho kumkaa sawasawa. Kisu ni kikali, mwalimu ni mkali, jua ni kali, maumivu ni makali, embe bichi ni kali, pilipili ni kali, na vijana wakiusifu wimbo husema ni mkali. Kwa aliyekulia Mji Mkongwe hilo ni neno moja tu. Mzungumzaji wa Kichina huyasikia maneno mengi, kila moja na mahali pake: kisu ni fengli, pilipili ni la, ndimu ni suan, mwalimu ni yanli, mbwa mng'ataji ni xiong.

Madaktari kutoka jimbo la Jiangsu wamekuwa wakipokezana zamu Zanzibar tangu 1964, na hospitalini neno hili halikwepeki. Mgonjwa hulalamika kwamba ana maumivu makali, kisha hulalamika kwamba dawa ni kali. La kwanza ni sababu ya kuongeza dozi, la pili pengine ni sababu ya kuipunguza.

Upatanisho nao una shida yake. Kichina hupanga nomino katika makundi wakati wa kuhesabu, kisu kikiwa na neno lake la hesabu na mbwa lake, lakini kivumishi hakibadiliki hata kidogo. Katika Kiswahili kivumishi ndicho kinachobeba alama: visu vikali, upepo mkali, macho makali. Mwanafunzi aliyezoea kuhesabia kwa makundi haoni ajabu kwamba nomino zina makundi. Ajabu yake ni kwamba kundi linaifuata sifa.

Njia nyepesi ya kuzitenganisha maana ni kutafuta kinyume. Kinyume cha kisu kikali ni kisu butu, cha mtu mkali ni mtu mpole, cha embe kali ni embe tamu, cha jua kali ni jua lililopoa. Pilipili isiyo kali ina jina lake kabisa Zanzibar, nayo ni pilipili boga. Neno moja lenye vinyume vingi namna hii ni neno lililotawanya matawi, na shina lake ni la kale. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanalirudisha kwenye mzizi wa kale unaokadiriwa kuwa -kadi, wenye maana za ukali na uchungu. Kizulu kina bukhali kwa kitu chenye makali, na Kibemba kina ubukali kwa ukali wa mtu au mnyama. Kwa hiyo Waswahili hawakuvichanganya kisu na hasira kwa uvivu wa msamiati, walirithi.

Penye utata wa kweli ni kwenye ladha. Bakuli la urojo lina embe bichi au ndimu, na lina pilipili. Anayeambiwa kwamba urojo huu ni mkali bado hajajua kama utamsisimua meno au utamwasha ulimi, mpaka aongezewe: mkali wa ndimu, au mkali wa pilipili. Mchina hana utata huo, kwani suan na la kwake hazikaribiani. Mwingereza ana kosa la aina nyingine: lugha yake huita pilipili na chai inayotoka jikoni kwa neno moja, basi naye husema pilipili ya moto.

Hapa fiziolojia ina neno la kusema. Mwaka 1997 David Julius na wenzake nchini Marekani walikitambua kipokezi kilicho kwenye mishipa ya fahamu, kinachoitwa TRPV1, ambacho huamshwa na kapsaisini, yaani kiini cha muwasho wa pilipili. Kipokezi hichohicho huamshwa na joto linalozidi nyuzi 43 hivi, na asidi nayo hukiamsha. Julius alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2021. Ladha ya uchachu yenyewe ina njia yake nyingine ulimini, lakini pale asidi inapochoma, hupita mlango mmoja na pilipili na joto. Haifai kudai kwamba wahenga walijua habari za vipokezi. Hata hivyo mwili wenyewe hauzioni pilipili, joto na asidi kuwa mbalimbali kama kamusi ya Kichina inavyozionyesha. Kichina nacho kina huolala, neno lililojengwa kwa moto na ukali wa pilipili, linalotumika kwa jua linalochoma na kwa maumivu yanayowaka.

Neno la Kichina lililo karibu zaidi na -kali ni lihai. Maumivu yakizidi ni lihai, joto likizidi ni lihai, mtu wa kuogopwa ni lihai, na fundi aliyewashinda wenzake husifiwa kwa lihai, kama kijana wa Unguja anavyomwita mwenzake mkali wa hesabu. Lihai haiendi kwenye ndimu, wala haiendi kwenye kisu, angalau katika matumizi ya leo. Lakini huandikwa kwa namna mbili, na katika namna moja herufi yake ya kwanza ni ileile li inayomalizia fengli, herufi yenye alama ya kisu ubavuni.