Kiinitete Hustahimili Misukosuko, Lakini Ustahimilivu Una Ukomo

Usiku wa Juni na Julai katika nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa, huwa na baridi kali, ilhali mchana jua huwaka. Hata hivyo, yai la inzi wa matunda lililotagwa kwenye ndizi iliyoiva kupita kiasi mjini Sumbawanga hutoa buu mwenye kichwa, kifua na tumbo mahali pake. Baridi huchelewesha ukuaji, haivurugi mpangilio.

Inzi jike huweka kwenye ncha ya mbele ya yai maelekezo ya kutengeneza protini iitwayo bikoidi. Protini hiyo hupungua kuelekea nyuma. Jeni hutambua kiwango chake na kusahihishana kinapoyumba. Utafiti wa jeni za kiinitete cha inzi ulitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1995.

Kiinitete cha binadamu nacho hustahimili mengi, lakini si yote. Mfereji wa neva, unaokuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, mara nyingi kabla mama hajajitambua kuwa mjamzito. Upungufu wa asidi ya foliki huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Hivyo, wanawake wanaotarajia ujauzito wanashauriwa kutumia mikrogramu 400 kila siku, kabla ya mimba na katika wiki 12 za mwanzo.