Udongo wa Maganzo na Viumbe Walio Hai Ndani Yake

Msafiri atokaye Shinyanga kwenda Mwanza hupita Maganzo, mji mdogo wa wilaya ya Kishapu, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Tangu John Williamson alipoigundua almasi hapo mwaka 1940, watu wengi waingiao nchi hiyo huitazama ardhi kwa shabaha moja tu, nayo ni kitu king'aacho kilichofichwa ndani yake. Udongo wenyewe huchekechwa, kisha hutupwa. Katika makala haya twataka kuutazama huo unaotupwa, kwani wako wataalamu waliotoa miaka ya ujana wao kuuchunguza udongo, nao watueleza kwamba humo pia mna kitu cha thamani, na kwamba kikipotea hakirudi kwa urahisi.

Kwanza neno moja juu ya wataalamu hao, maana vijana wetu wengi hudhani kwamba mtu akipata shahada ya udaktari amemaliza kusoma. Sivyo. Aghalabu hapo ndipo aanzapo kazi. Hupewa miaka miwili au mitatu katika chuo au kituo cha utafiti ili afuate swali moja tu, chini ya jicho la mwalimu aliyemtangulia. Ashikaye elimu ya mimea na vijidudu vya udongo huutumia muda huo kuchimbua mizizi, kuiosha, kuitia rangi na kuitazama kwa hadubini, mzizi baada ya mzizi. Huenda mama yake kijijini asielewe kwa nini msomi wa nyumba yake hurudi na matope viatuni kama mtu atokaye shambani.

Anatafuta nini? Sisi tunaujua udongo kwa kutayamamu pale maji yakosekanapo, na kukosa maji si jambo geni Shinyanga, ambako mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 600 hadi 800. Lakini ni wachache wetu waliopata kufikiri kwamba kijiko kimoja cha chai cha udongo wenye rutuba chaweza kuwa na bakteria bilioni moja. Wengi wao hawana dhara lolote kwetu. Baadhi yao ndio watumishi wa chakula chetu.

Chukua mfano wa dengu, ambazo Wasukuma huzipanda katika udongo mweusi wa mbuga, au kunde na choroko. Mimea hii huota vinundu vidogo mizizini, na mkulima asiyejua aweza kudhani ni ugonjwa. Kumbe ni nyumba za bakteria. Hewa tuivutayo ni naitrojeni kwa sehemu 78 katika kila 100, lakini mmea hauwezi kuila naitrojeni ya hewani, kama vile mtu asivyoweza kushiba kwa harufu ya pilau. Bakteria wa vinundu huishika naitrojeni hiyo na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mmea nao huwalipa kwa sukari itengenezwayo na majani. Mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck alifaulu kuwatenga bakteria hao na kuwakuza peke yao. Migunga mingi ya nyika zetu ina urafiki wa namna hiyo hiyo.

Urafiki wa pili ni wa kuvu, ambao Mjerumani Albert Bernhard Frank aliupa jina lake la kitaalamu mwaka 1885. Kuvu hao ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, ziingiazo ndani ya mzizi au kuuzunguka, kisha zikaenea mbali katika udongo kuliko mzizi wenyewe uwezavyo kufika. Huko huchota fosforasi na kuuletea mmea. Mimea iliyo mingi duniani, pamoja na mahindi, mtama na pamba, inao washirika hawa. Na hapa pana jambo la kuzingatiwa sana: aina ya kuvu iliyoenea kuliko zote haiwezi kuishi bila mzizi ulio hai. Ardhi ikikaa uchi muda mrefu, kuvu hufa njaa. Na kuvu wakiisha kufa, mche upandwao hapo baadaye hudumaa ingawa unamwagiliwa maji.

Mabwana misitu wa Afrika waliyajua hayo kwa tabu. Misonobari, ambayo wengine huiita mipaina, ilipoletwa katika nchi kadhaa za bara hili, miche yake ilikuwa manjano, ikadhoofika, mpaka ulipoletwa udongo uliotoka chini ya misonobari iliyokwisha kukua kwingine. Kidogo tu cha udongo huo kilitosha. Hata leo watu wa vitalu huchanganya udongo wa namna hiyo.

Basi turudi Shinyanga. Zamani mkoa huu ulikuwa na misitu ya miombo na migunga. Katika miaka ya 1920 na kuendelea, maelfu ya watu walikusanywa kufyeka vichaka ili kumfukuza mbung'o, na makao ya idara ya utafiti wa mbung'o, chini ya Charles Swynnerton, yalikuwa hapo hapo Shinyanga. Kisha yakaongezeka mashamba ya pamba, mifugo, kuni, na kuhamishwa kwa watu vijijini miaka ya 1970, hata mkoa ukaitwa Jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ujulikanao kama HASHI. Mradi ulikuwa na vitalu vya miche, lakini kilichozaa matunda makubwa kuliko vyote ni desturi ya wenyeji: ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili majani yakue, na kuifungulia ng'ombe kiangazi kikali. Sungusungu walilinda, na aliyevunja mpaka alitozwa faini. Kutoka hekta kama 600 zilizokuwa zikijulikana mwaka 1986, ngitili zilifika zaidi ya hekta 300,000 ilipofika mwaka 2004.

Kwa nini miti ilirudi hata pasipopandwa kitu? Kwa sababu visiki na mizizi vilikuwa bado hai chini, mbegu zilikuwamo, na palipo na mizizi iliyo hai, kuvu na bakteria hupata pa kukaa. Ng'ombe waliimaliza juu tu; chini palikuwa na akiba.

Shimo la mchimbaji si kama ng'ombe. Kijana wa Maganzo atafutaye almasi, sawa na mwenzake wa Geita atafutaye dhahabu, huanza kwa kutoa udongo wa juu, ambao ndio wenye uhai mwingi, akaurundika kando, kisha akaumwagia changarawe ya chini juu yake. Ahamapo, shimo hubaki wazi, au hufukiwa kichwa chini miguu juu. Tope la migodi nalo huleta hali iyo hiyo. Tarehe 7 Novemba 2022, ukingo wa bwawa la tope la Mwadui ulipobomoka, tope liliteremka likafunika nyumba, mashamba na malisho. Tope hilo ni mwamba uliosagwa, na mvua peke yake haiwezi kuugeuza kuwa udongo kwa msimu mmoja.

Kudai shimo lifukiwe bila kuuliza linafukiwa kwa udongo upi ni kudai nusu ya kazi. Wataalamu hushauri udongo wa juu uwekwe mbali na changarawe, katika rundo fupi lisilokosa hewa, na urudishwe mapema, maana ukikaa miaka bila mzizi hufa pale pale rundoni. Kazi hiyo haitaki mtambo. Yataka koleo na subira, na mwenye shamba ambaye hatakubali fidia ya shimo peke yake.

Na aliye na shamba la kunde au choroko aweza kuwaonyesha wanawe jambo hili kabla ya mavuno. Mmea unapoanza kutoa maua, auchimbue kwa jembe, asiuvute, kwani vinundu hukatika vikabaki ardhini. Auoshe mzizi taratibu, kisha apasue kinundu kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani kama nyama, bakteria wamo kazini. Wekundu huo watokana na kitu kilicho ndugu wa kile kiifanyacho damu yetu iwe nyekundu. Kikiwa cha kijivu au kijani, hawapo kazini, na mmea unaila ile akiba ya shamba.