Mbwa wa Ukoo au Mbwa wa Kuokota?

Mwezi uliopita mzee mmoja wa skimu yetu alifika ofisini, akavua kofia, akaniuliza: "Karani, nimeibiwa kondoo wanne kwa usiku mmoja. Mwanangu ataka tununue mbwa wa ukoo. Mama yake asema tumchukue yule mbwa koko alalaye karibu na kituo cha maziwa. Wewe wasemaje?"

Swali lake ni la maana. Tangu mashamba ya skimu yaanze kugawanywa mwaka 1962, mipaka imezidi kuwa mingi na nyua zimekaribiana. Mbwa mzuri huokoa mali. Mbwa mbaya huleta ugomvi na jirani.

Mbwa wa ukoo ni yule ambaye wazazi na babu zake wameandikwa kitabuni. Alsatian, kwa mfano, ni wa Ujerumani, na chama cha kwanza cha ukoo wake kilianzishwa mwaka 1899. Kazi yake ya asili ilikuwa kuchunga kondoo. Faida ni kwamba mnunuzi ajua mapema ukubwa wake na kazi inayomfaa. Hasara ni kwamba bei yake ni kubwa, hula sana, na wengi wao hurithi ugonjwa wa nyonga. Kwa hiyo waone wazazi wake wakitembea kabla ya kutoa fedha.

Mbwa aliyeokotwa, au aliyetolewa na chama cha kuwatunza wanyama kama KSPCA, kwa kawaida ni wa mchanganyiko. Gharama yake ni ndogo. Akiwa amekwisha kukua, tabia yake yaonekana: mtazame mbele ya watoto, kuku na kondoo. Lakini yule wa njiani, huenda hujui kama amepata kuchanjwa. Tena uliza kwanza kama hana mwenyewe.

Mimi mwenyewe nilinunua mtoto wa mbwa wa ukoo kwa fedha za viazi vya msimu mzima. Nikaona nimekwisha gharimika vya kutosha, nikaahirisha chanjo. Akashikwa na kuhara damu, akafa siku ya nne. Kosa halikuwa la ukoo wake, bali langu. Mbwa tuliye naye sasa watoto walimwokota sokoni. Kabla hajacheza nao, nilimfunga peke yake nikamwita daktari wa mifugo.

Basi, lolote utakalochagua, shika haya:

1. Mbwa achanjwe kichaa cha mbwa afikapo miezi mitatu, kisha kila mwaka. Katika kila watu 100 wanaopatwa na ugonjwa huu, 99 waliambukizwa na mbwa, na dalili zikishaonekana mtu huwa haponi.

2. Mtu akiumwa na mbwa, oshwa jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile. Mbwa huyo afungwe na kutazamwa siku 10.

3. Mpe dawa ya minyoo, wala usimtupie maini na mapafu mabichi yenye uvimbe wa maji. Humo mna minyoo ambayo kutoka kwa mbwa huwaingia watu.

4. Kama hutaki watoto wa mbwa, ahasiwe au afungwe uzazi. Mbwa koko wengi walizaliwa katika nyua zetu wenyewe.

Mzee yule alimsikiliza mkewe. Mbwa wa kituo cha maziwa amechanjwa, na kwa sasa amefungwa kando ya zizi mpaka azoeleke. Fedha zilizobaki zilinunua waya wa ua, na mwanawe ndiye aliyeupigilia. Juma lililopita mbwa alibweka usiku. Mzee akatoka na taa, akakuta kondoo wake wote wapo.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa vivyo hivyo.