Alichookota Mwanafunzi Katika Mji wa Nürnberg

Wahenga wetu walinena, "Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota." Leo twapenda kueleza alichookota kijana mmoja, mwanafunzi wetu wa zamani. Alipokuwa akisoma Ujerumani alipata siku moja ya mapumziko, na mfukoni alikuwa na fedha kidogo. Akapanda gari la moshi, akaenda Nürnberg. Safari hiyo ilifaa mji wenyewe, maana reli ya kwanza ya Ujerumani kuvutwa kwa mvuke ilianzia hapo mwaka wa 1835, ikaenda mpaka mji jirani wa Fürth.

Haja yake ya kwanza ilikuwa chakula. Mji huo wasifika kwa soseji ndogo za nyama ya nguruwe, kila moja yapata sentimita 7 hadi 9, nayo hutiwa jani la kunukia liitwalo majoramu. Huchomwa juu ya moto wa kuni, kisha huandaliwa pamoja na kabichi chachu. Kabichi hiyo hukatwa nyembamba, ikatiwa chumvi, ikaachwa ichachuke; na kwa njia hiyo watu wa kale waliweka mboga bila kuoza wakati wote wa baridi. Asiyekula nguruwe huweza kununua mikate mitamu ya asali na viungo. Ndani yake mna mdalasini, na hata karafuu, ambayo watu wa Unguja na Pemba waijua sana.

Ilipotimia saa sita mchana kijana alisimama sokoni, mbele ya kanisa la Frauenkirche. Juu ya mlango, chini ya saa kubwa, sanamu za wakuu saba hutokea zikamzunguka Kaisari mara tatu. Ni ukumbusho wa sheria ya mwaka 1356 iliyowathibitishia wakuu hao haki ya kumchagua mfalme. Kijana akastaajabu, akasifu majengo kwa uzee wake.

Mzee mmoja mwenyeji akamsikia, akamwambia, "Mwanangu, mengi uyaonayo ni mapya kuliko mimi. Tarehe 2 Januari, 1945, ndege za Waingereza zilitupa mabomu hapa, na mji wa kale karibu wote ukateketea. Tuliujenga tena. Na hapo ulipo kanisa, zamani palikuwa na sinagogi. Mwaka wa 1349 Wayahudi wa mji huu waliuawa kwa mamia na nyumba zao zikabomolewa, soko likapata nafasi."

Kijana alinyamaza. Fedha iliyobaki yatosha nini? Ama sahani ya pili ya soseji, ama kuingia katika jumba la mahakama lililo magharibi ya mji. Akaiacha sahani.

Mahali hapo pana maana kubwa. Mwaka wa 1935, katika mji huu huu, serikali ya Hitler ilitangaza sheria za kuwanyang'anya Wayahudi uraia wao. Miaka 10 baadaye wakuu wa serikali hiyo waliletwa hapa mbele ya majaji wa Marekani, Uingereza, Ufaransa na Urusi. Kesi ilianza Novemba 1945, ikaisha Oktoba 1946. Walipewa mawakili wa kuwatetea. Watu 12 walihukumiwa kufa, 7 wakafungwa, na 3 wakaachiliwa, maana hatia yao haikuthibitishwa. Hivyo ulimwengu uliona kwamba hata mtawala aweza kuulizwa matendo yake, na kwamba hata adui hustahili kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa.

Basi, wasikilizaji, mkijaliwa kufika mji mgeni, kuleni vyakula vyake na tazameni majumba yake. Lakini waulizeni wazee pia: hapa palikuwa na nini zamani? Mji ukijibu swali hilo bila kuficha, mmepata zawadi isiyonunuliwa sokoni. Tena, mkirudi nyumbani, ulizeni swali hilo hilo katika vijiji vyetu.