Mto Unaanzia Shambani

Huenda siku moja mtoto wako atarudi kutoka shuleni na kukuomba chupa tupu mbili, kamba, na kopo bovu la kutoboa matundu. Ukimwuliza ni za nini, atajibu, "Mwalimu amesema kesho tunajifunza mto." Huenda ukakasirika. Utasema, "Nimenunua daftari na sare ili asome. Sasa anakwenda kuchezea matope?"

Usikasirike kwanza. Soma habari hii mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe.

Sisi wa Bariadi tunaujua Mto Simiyu. Wakati wa kiangazi twachimba mchanga wake kutafuta maji. Wakati wa masika maji yanakuja kwa kishindo, mekundu, yakibeba magogo. Lakini ukimwuliza mtu, "Mto huu unaanzia wapi?" atakuonyesha mashariki, upande wa Serengeti. Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu tu. Mto unaanzia pia kwenye shamba lako la pamba, na kwenye njia ya ng'ombe iliyo nyuma ya nyumba yako.

Fikiri juu ya tone moja la mvua. Linaanguka mlimani. Likikuta nyasi, huzama ardhini polepole. Likikuta ardhi tupu, huteremka. Linaungana na matone mengine, linakuwa kijito, linaingia korongoni, korongo linamwaga mtoni. Mto Simiyu unapita, unafika Magu, na huko unaingia Ziwa Victoria katika Ghuba ya Speke. Ziwa nalo linatoa maji yake Jinja, Uganda, na maji hayo ndiyo Mto Naili unaokwenda mpaka Misri. Eneo lote ambalo mvua yake inakwenda kwenye mto mmoja huitwa kidakio cha mto. Kila kijiji cha Bariadi kimo ndani ya kidakio fulani. Hakuna aliye nje.

Maneno haya mwalimu anaweza kuyaandika ubaoni, na watoto wakayanakili. Wiki ijayo watakuwa wameyasahau. Ndiyo sababu walimu wenye busara huwatoa nje.

Somo la kwanza ni la makarai mawili. Hata wewe waweza kulifanya nyumbani. Chukua makarai mawili ya zamani, au kata debe moja ubavuni upate vipande viwili. Toboa mdomo mdogo upande mmoja wa kila karai ili maji yapate pa kutokea. Karai la kwanza litie udongo mtupu wa shambani. Karai la pili litie udongo uleule, lakini juu yake weka bonge la nyasi lililong'olewa pamoja na mizizi yake. Yainamishe yote mawili kwa kuweka jiwe nyuma. Chini ya kila mdomo weka chupa. Kisha chukua kopo lenye matundu, mimina maji juu ya karai la kwanza kama mvua. Mimina maji kiasi kilekile juu ya karai la pili.

Sasa tazama. Katika karai la udongo mtupu maji yanatoka mara moja, tena mengi, na rangi yake ni kama chai ya maziwa. Katika karai la nyasi maji yanachelewa. Yanatoka machache, na ni safi zaidi. Waache watoto waulizane wenyewe. Maji mengine yamekwenda wapi? Yamebaki ndani ya udongo. Ndiyo maji ambayo mhindi wako ungeyanywa siku za jua.

Baada ya hapo chupa huachwa zimesimama mpaka kesho yake. Watoto wakirudi wanakuta udongo umetua chini kwa matabaka. Mchanga ndio uliotangulia kutua, juu yake udongo laini. Mtoto anapima kwa rula, anaandika. Kama kuna lambo kijijini, mwalimu huwauliza: "Lambo letu si ni chupa kubwa?" Hapo hata mtoto wa darasa la tatu anaelewa kwa nini lambo lililochimbwa kwa jasho la watu wazima sasa ng'ombe anavuka na maji yanamfika magotini tu. Lambo halikukauka. Limejaa shamba letu.

Twende kwenye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Ekari moja ni karibu mita za mraba 4,000. Mvua ikiondoa udongo wa unene wa milimita moja tu, unene ambao si rahisi kuutambua kwa macho, umepoteza mita za ujazo 4. Hizo ni lita 4,000. Debe moja ni lita 20. Basi umepoteza madebe 200 ya udongo kwenye ekari moja. Na udongo wa juu ndio wenye mbolea. Kama mtu angekuja usiku na kuiba madebe 200 ya udongo wako, ungepiga yowe na sungusungu wangetoka.

Hesabu ya mvua ni hiyohiyo. Watoto huweka uwanjani kopo la maziwa lenye kuta zilizonyooka, mbali na miti na mapaa. Kila asubuhi wanatumbukiza rula na kuandika. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la bati lenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 4 lina mita za mraba 20. Ikinyesha mvua ya milimita 30, paa hilo limepokea lita 600, yaani madebe 30. Mama anayekwenda mbali kuchota maji atataka kuisikia hesabu hiyo mara mbili.

Katika darasa moja la kisomo mama mmoja aliniuliza, "Kama nyasi ndizo zinazoshika udongo, ng'ombe wangu wale nini?" Swali lake ni zito kuliko yote. Hata mabua ya mahindi yangeweza kufunika udongo, lakini baada ya mavuno ng'ombe huyala. Huwezi kumwambia Msukuma asilishe ng'ombe.

Jibu walikuwa nalo wazee wetu, nalo ni ngitili. Sehemu ya malisho inafungwa mvua zinapoanza. Nyasi zinakua, miti inachipua. Kiangazi kikikaza, nyasi zikiwa zimekwisha kwingine, ngitili inafunguliwa. Anayevunja utaratibu huulizwa na dagashida. Huo ndio utunzaji wa kidakio, ingawa wazee hawakuuita kwa jina hilo.

Nini kilitokea basi? Wakati wa ukoloni miti mingi ya Shinyanga ilikatwa ili kuwaondoa mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yaliongezeka, mifugo nayo ikaongezeka. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianza mpango mkubwa wa Usukuma. Watu walilazimishwa kulima kwa matuta na kupunguza ng'ombe. Matuta yenyewe hayakuwa mabaya. Utafiti wa Ukiriguru ulionyesha kwamba yanashika maji. Lakini yaliletwa kwa amri na faini, watu wakayachukia, na kabla ya Uhuru amri hizo zilikwisha nguvu. Mpaka leo wako wazee ambao ukitaja matuta wanakunja uso.

Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wakati huo Bariadi ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Mwanzoni ngitili zilizohesabiwa zilikuwa hekta 600 hivi. Mpango ulipofikia mwisho wake mwaka 2004, zilikuwa zimefika hekta laki tatu au zaidi. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Siri yake haikuwa kubwa: watu walisikilizwa, na kitu kilichorudishwa walikuwa wanakijua tayari. Mimi naona somo la makarai linafuata njia hiyohiyo. Hakuna anayeamrishwa. Mtu anatazama chupa.

Mambo ya watoto kujifunza mazingira kwa vitendo si mageni nchini. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967. Mwaka 1980 zilianzishwa klabu za Malihai mashuleni. Mwaka 1991, Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, alikutana nyumbani kwake Dar es Salaam na wanafunzi 12, na kutokana nao kikaanza chama cha vijana cha Roots & Shoots ambacho sasa kimeenea nchi nyingi duniani. Lakini tuseme wazi jambo moja. Kumlimisha mtoto shamba la mwalimu si elimu ya mazingira. Kama mtoto amebeba maji toka asubuhi na hajaulizwa swali hata moja, hiyo ni kazi ya bure, na mzazi ana haki ya kuuliza kwenye mkutano wa shule.

Liko somo jingine ambalo huleta ubishi nyumbani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Watoto huchukua kamba ya mita 10, wanaipima mara sita kutoka ukingoni, wanasimamisha kijiti. Halafu mtoto anaona kwamba bustani ya baba yake iko ndani ya kijiti. Jioni kwenye chakula analisema. Baba, usimpige. Mwalimu naye asimtume mtoto kuandika majina ya wenye bustani. Mtoto si askari. Kazi yake ni kupima. Kujadili nani atahamisha mboga zake, lini, na atalima wapi badala yake, ni kazi ya mkutano wa kijiji, nako watu wazima ndio wanaozungumza.

Tena yako mambo mawili ya hatari ambayo lazima umwulize mwalimu. La kwanza ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na huingia mwilini kupitia ngozi. Kwa hiyo watoto wasiingie mtoni wala lamboni. Maji ya kupima yachotwe kwa kopo lililofungwa kwenye mti mrefu. La pili ni korongo. Korongo laweza kujaa ghafla hata kama ulipo jua linawaka, kwa sababu mvua imenyesha juu, mahali usipopaona. Mtoto aliyeelewa kidakio atajua kwamba wingu jeusi lililoko mbali ni habari yake pia. Wakati wa masika darasa likae juu ya ukingo.

Kwa kipindi kijacho cha kisomo, leteni makarai mawili, chupa mbili zinazolingana, na kopo la kutoboa. Udongo mmoja utoke kwenye shamba la pamba, na mwingine kwenye ngitili. Wanaokaa karibu na lambo walete maji yake kwenye chupa, wakiyachota kwa kopo la mti mrefu. Mtoto wa shule anayelijua jaribio hilo na aje, atuonyeshe yeye.